Ufagio wa Mwalimu Ndahani

Mwalimu Ndahani hakuwa mtu wa kulala mchana; hiyo, alisema, ni kazi ya wasio na kazi. Lakini alasiri ile alikuwa ameshinda akigombana na pua ya mtoto, na ugomvi wa namna hiyo unachosha. Mtoto mwenyewe ni Nyemo wa darasa la nne, anayepiga chafya toka kengele ya asubuhi hadi ya mwisho huku akijifuta kwa ukosi wa shati. Dawa ya mwalimu ilikuwa moja tu: mwenye kamasi anabaki kufagia darasa, kavukavu, kwa ufagio wa majani. Mwaka mzima Nyemo amefagia, mwaka mzima chafya zimezidi, na msomi wetu hakuona kitu. Leo alikuwa amevuka mpaka. Aliandika barua kwamba mtoto akae nyumbani mpaka ajifunze usafi, na mtihani wa darasa la nne umebakiza wiki mbili. Akaiacha barua mezani ofisini, akaegemea kiti, usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika nchi ya vumbi jekundu, ambako watu walimiminika kwenye baraza la Mzee Najua. Mzee huyu alikalia vitabu ambavyo hajavifungua, na mkewe, Dharau, akimpepea kwa madaha. Wazazi walipita na watoto wao wenye pua nyekundu, naye bila hata kuinua macho akafoka, "Baridi hiyo! Uchafu huo! Mvalisheni sweta!" Baraza zima likapiga makofi. Ndahani naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote, maana aliona amefika kwa watu wenye akili.

Ndipo mwanamke mfupi akamvuta mkono. "Mimi naitwa Bibi Kuuliza," alisema. "Huku hawanipendi. Hebu nihesabie watoto wanaojifuta pua."

Ndahani akahesabu mpaka vidole vikamwishia, na foleni bado haijafika nusu. "Kumbe wachafu ni wengi hivi!" akasema.

"Huyu wa mbele, mama yake kamsugua leo asubuhi mpaka anang'aa," Bibi Kuuliza akajibu taratibu. "Pua yake haipatani na vumbi, basi. Ni mzio, mwanangu, na umewapata watoto wengi kuliko unavyodhani. Mwingine amezaliwa katika ukoo wenye pumu. Yule pale analala jikoni, moshi wa kuni usiku kucha. Huyu godoro lake halijaanikwa juani tangu linunuliwe, na yule, mahindi yakianza tu kutoa mbelewele, ule unga wa maua yake, macho yanamwasha. Ungeuliza, ungeambiwa."

Mbele yao kulikuwa na msichana aliyezungukwa na wingu la vumbi. Kila alipopiga chafya, mwanamume mmoja alimtia ufagio mkononi. Akifagia, vumbi linapanda, naye anapiga chafya tena.

"Mpumbavu gani yule?" Ndahani akacheka kwa kejeli.

Mwanamume akageuka. Alikuwa amevaa koti la Ndahani, na kalamu nyekundu ya Ndahani mfukoni. Dharau akashuka barazani akamkumbatia mwalimu kwa mikono miwili. "Shemeji," akamwambia, "hapa ni kwenu. Tulikuwekea kiti zamani."

Akazinduka kwa sauti ya chafya upande wa pili wa ukuta. Aibu ilimjaa, na ilimstahili. Akainyakua barua, akaenda darasani. Nyemo alikuwa katikati ya vumbi, macho mekundu, bado safu mbili.

"Lete huo ufagio."

Mtoto akarudi nyuma, mikono kichwani. "Mwalimu, namalizia, usinichape!"

Ndahani akauchukua, akafagia mara tatu kwa madoido ya mtu ambaye hajashika ufagio toka aajiriwe. Mara ya nne pua ikamwasha, akapiga chafya mfululizo mpaka miwani ikaanguka, machozi na kamasi vikamchuruzika hadi kwenye masharubu. Hakuwa na leso. Akapapasa huku na huku, akakuta barua mfukoni, akapenga nayo mbele ya mwanafunzi wake, kisha akaikunjakunja na kuitupa kwenye takataka alizozikusanya.

"Kesho uje," akasema, sauti imeziba. "Na mtihani utafanya. Kufagia, tutanyunyiza maji kwanza, na wewe hutafagia."

Nyemo aliokota miwani, akaifuta kwa sketi, akampa kwa mikono miwili.

"Pole, mwalimu," akamwambia.

Mwaka mzima, yeye mwalimu hakuwahi kumwambia Nyemo hivyo.