Milimita Kumi na Tisa

Muhula wa pili ulipoanza niliacha kumsaidia binti yangu kazi ya nyumbani. Wiki iliyofuata nikamwambia aache kuifanya kabisa.

Acha nieleze sababu, maana kuna waliosema ni uvivu. Cherop ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne katika shule ya kibinafsi hapa Lanet. Basi la shule humchukua saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumrudisha saa kumi na moja jioni. Anashuka na begi lenye kurasa mbili za hesabu, moja ya Kiingereza, na mara mbili kwa wiki kitu cha kutengeneza: kikapu, ngoma, lori la katoni. Lile lori ndilo lililonimaliza. Nililikata mimi, nikaligundisha mimi, magurudumu nikatumia vifuniko vya mtindi, huku mwenyewe amelala kwenye kiti na soksi za shule miguuni. Lilirudi na kalamu nyekundu: "Kazi nzuri sana, Cherop." Nikaona haya. Nina miaka thelathini na sita, nina diploma, na nimesifiwa kwa lori la katoni.

Shule yetu ina kidaftari cha sahihi. Kila jioni mzazi anatia sahihi kuonyesha kwamba mtoto amemaliza kazi. Wengi hutia sahihi za wiki nzima kwa mkupuo, Jumapili wakitoka kanisani. Mimi niliandika: "Hajafanya. Ni mimi nimemkataza. Mama Cherop." Nikatia sahihi. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne Mwalimu Immaculate, mwalimu wa darasa lao, akaandika chini yake: "Tafadhali mama, tuonane."

Tulionana getini asubuhi.

"Mama Cherop, nikikubali wewe, kesho watakuja kumi."

"Waje."

"Na mimi nitamwambia nini Mwalimu Mkuu?"

"Mwambie mtoto anasoma saa nane kwa siku. Mimi mwenyewe kazini napima maziwa saa nane, na nikitoka hakuna mtu ananipa mengine nikapimie nyumbani."

Alicheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kazini.

Kuanzia siku hiyo Cherop alinyimwa mapumziko ya saa nne. Wenzake wakitoka kucheza, yeye anabaki darasani kufanya yale ambayo hakufanya jana. Nilimuuliza kama anataka nilegeze.

"Hapana," akasema. "Mapumziko ni dakika ishirini. Jioni ni ndefu."

Mwezi wa tano ikaja kazi moja ambayo aliifanya bila kuniuliza. Kila mtoto alitakiwa kupima mvua nyumbani kwao, kila jioni saa kumi na mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili, na kuandika milimita kwenye chati. Cherop alitafuta chupa ya soda ya lita mbili. Shingo ya chupa niliikata mimi, kwa sababu kisu chetu kinateleza. Mengine yote ni yake. Aliifukia chupa nusu nyuma ya nyumba, mbali na paa ili isidondokewe, akaizungushia mawe ili kuku wasiipindue, na kila jioni akaichungulia na rula.

Wiki ya kwanza ilikuwa vumbi tupu. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Ijumaa, mbili.

"Mama, labda chupa imetoboka," alikuwa ameniambia Jumatano.

"Weka maji uone."

Akaweka. Haikuwa imetoboka. Akayamwaga, akaandika sufuri yake. Wiki ya pili nayo ilikuwa kame.

Jumatano baada ya chati kukusanywa nilipata barua ya Mwalimu Mkuu, Bwana Khaemba. Ilisema kumekuwa na malalamiko kwamba mzazi mmoja anaharibu utaratibu. Wazazi wote wa Gredi ya Nne wakutane Ijumaa saa nane mchana. Mimi binafsi nitatia sahihi ahadi ya kusimamia kazi za nyumbani, na nisipotia, nimtafutie mtoto nafasi kwingine kabla muhula haujaisha.

Cherop alikuwa ameisoma kabla yangu. Barua za siku hizi haziwekwi kwenye bahasha.

"Ukikataa nitaenda wapi?"

"Shule ni nyingi."

"Lakini Jelagat yuko hii."

Jelagat ni yule wanayekaa naye dawati moja tangu chekechea. Baba yake Cherop, Kipkemei, anafanya kazi Longonot na huja mwisho wa wiki. Nilimpigia simu, akasema, "Wewe unajua vita vyako, lakini mtoto asitoke pale." Nami nikaona ni kweli. Nikaamua kutia sahihi. Nasema hivyo wazi: nilikuwa nimeshashindwa, bado tu kushika kalamu.

Alhamisi Cherop alirudi na chati yake. Za wenzake zilikuwa zimebandikwa ukutani. Yake ilikuwa na alama nyekundu juu mpaka chini na maneno "Chini ya matarajio. Hukupima."

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi kwangu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu.

"Mwalimu alisema watoto thelathini na watatu wameandika kitu kimoja na mimi peke yangu kitu kingine. Kwamba nilijaza sufuri kwa sababu hunilazimishi kufanya kazi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nilipima. Travis akasema, 'Anaitwa Cherop na hana hata tone.' Wakacheka wote."

Kwetu Cherop ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Ni utani mzuri, hata mimi kwingine ningecheka.

"Wao waliandika ngapi?" nikamuuliza.

Alikuwa amezikariri. "Wiki ya kwanza, kumi na mbili, sufuri, saba, kumi na tisa, tatu."

"Wote?"

"Wote."

Kazi nifanyayo ni kupima maziwa katika kituo cha kupoza maziwa cha ushirika. Mkulima akileta maziwa, natumbukiza kipimo kuona kama ameongeza maji. Wakulima wawili wakileta vipimo vinavyofanana siku tano mfululizo, siwapongezi. Nawauliza ng'ombe ni wa nani. Na hapa nilikuwa na ng'ombe thelathini na watatu.

Nikafungua grupu ya wazazi ya WhatsApp, ambayo nilikuwa nimeizima sauti tangu mwezi wa pili. Sikuhangaika sana. Picha ya chati ilikuwepo, imetumwa na Milcah, mama yake Travis: "Wapendwa, hii hapa ya mvua, msisumbuke na machupa." Chini yake shukrani thelathini na mikono ya sala.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini na kwenda na barua yangu na chati ya Cherop. Wazazi kama ishirini walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Bwana Khaemba alisimama mbele. Ni mtu nadhifu, hupenda mashati meupe. Karatasi ya ahadi ilikuwa mezani na kalamu juu yake.

"Hatuko hapa kumuaibisha mtu," akaanza, nikajua tuko hapa kumuaibisha mtu. "Lakini mtoto akianguka, mzazi ndiye wa kwanza kutulaumu. Mama Cherop, karibu utie sahihi, tuendelee na mengine."

"Nitakuja, Mwalimu. Kwanza naomba kuuliza juu ya ukuta huu."

"Ukuta umefanya nini?"

"Umenyesha."

Watu walicheka. Nikaenda kwenye chati zilizobandikwa. Zilikuwa nzuri, zimepambwa kwa mawingu ya pamba, na nyingi zilikuwa na mwandiko wa mtu mzima.

"Alhamisi ya wiki ya kwanza," nikasema. "Hapa imeandikwa milimita kumi na tisa. Hapa pia kumi na tisa. Hapa, kumi na tisa. Mwalimu Mkuu, Alhamisi hiyo tulikuwa wapi?"

Alifikiri. Nikamwona anakumbuka kabla hajafungua mdomo.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya michezo. Shule nzima ilikuwa uwanjani kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba kwenye mbio za magunia hatukumwona mshindi. Bwana Khaemba aligawa vikombe akiwa na shati lake jeupe, na jioni shati lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa na picha zake kwenye grupu hiyohiyo.

"Milimita kumi na tisa ni mvua ya kujaza mitaro," nikasema. "Mlinyeshewa? Kuna aliyefungua mwavuli?"

Kisha Milcah akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu anayesingiziwa, "Lakini ni namba za kweli."

"Za wapi?"

"Dada yangu anafanya kazi shamba la mbegu za viazi. Wana kipimo chenyewe, cha serikali, si chupa ya soda. Nikamwomba anitumie."

"Shamba liko wapi, Milcah?"

"Molo."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya watoto wa Gredi ya Pili wachungulie. Mtu yeyote wa Nakuru anajua Molo wanavaa sweta na gambuti wakati sisi Lanet tunafuta vumbi kwenye meza. Hata Milcah alicheka, lakini alisimama.

"Chekeni. Nani hapa hakunakili? Na wewe Mama Cherop usijifanye mtakatifu. Wewe una diploma. Mtoto wako akicheza jioni nzima bado atakusikia ukiongea juu ya vipimo na maziwa. Mimi nauza nguo sokoni. Wangu asipoandika kitu nyumbani atasoma na nani?"

Lilikuwa swali la haki, na bado ninalifikiria. Nikamjibu nilichokuwa nacho. "Lakini hakuandika yeye, Milcah. Uliandika wewe. Hata mimi lori la katoni lilikuwa langu."

Bwana Khaemba akapiga meza kwa kiganja. "Habari ya mvua tutairekebisha. Sheria inabaki sheria. Kuna ahadi hapa ya kutiwa sahihi."

"Nitatia," nikasema. Nikachukua kalamu, nikageuza karatasi yake upande usioandikwa, nikaandika kwa herufi kubwa na kusoma kwa sauti: "Kazi hii mtoto wangu ameifanya mwenyewe. Mimi sikuigusa." Nikaifikiria shingo ya chupa, nikaongeza: "Isipokuwa shingo ya chupa." Nikatia sahihi, nikaweka chati ya Cherop juu yake.

"Hiyo ndiyo sahihi nitakayokuwa natia," nikasema. "Asipofanya, nitaandika hajafanya. Na kama ni sheria, iwe ya wote. Kalamu hii hapa. Anayeweza kutia sahihi sentensi hiyo kwa chati iliyo ukutani, aje."

Nilisubiri. Baba mmoja karibu na mlango alitazama simu yake ambayo ilikuwa imezima. Milcah alikaa chini.

Aliyesimama ni Mwalimu Immaculate. Alikuwa amekaa pembeni muda wote na rundo la madaftari mapajani.

"Mimi ndiye niliyemwandikia Cherop kwamba hakupima," akasema. "Siku hiyo nilikuwa uwanjani, mimi ndiye niliyeshika kamba ya mwisho wa mbio. Nikaona kumi na tisa mara thelathini na tatu nikaweka tiki." Alimtazama Mwalimu Mkuu. "Nabeba madaftari haya nyumbani kila siku, Mwalimu. Nayasahihisha nikipika. Sisomi tena, natia tiki tu."

Alichukua kalamu yake nyekundu, akakata maneno yake kwenye chati ya Cherop mistari miwili, na kuandika juu yake: "Amepima." Hakuandika alama yoyote nyingine.

Bwana Khaemba alikunja mikono. "Basi ile barua yako, Mama Cherop, tuiache kwanza."

"Siiachi." Nikaitoa kwenye mkoba. "Barua isiyofutwa huwa inakaa kwenye faili ikisubiri mtu. Andika imefutwa, tarehe, na muhuri."

"Muhuri uko ofisini."

"Nitangoja."

Alikwenda. Tulikaa kama watoto waliofungiwa. Milcah aliniambia bila kugeuka, "Wewe mwanamke ni mgumu," nami nikamwambia aje Jumamosi nimkatie chupa. Bwana Khaemba alirudi na muhuri na wino wake, akaupiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani Cherop alikuwa amesimama kwenye ngazi ileile.

"Nimebaki?"

"Umebaki."

Akaenda kubadilisha nguo. Aliporudi nikampa chati, akalisoma lile neno jekundu.

Jumatatu kidaftari kilikuja na kurasa mbili za hesabu. Mapumziko ya saa nne bado ananyimwa. Kuhusu hilo sijamalizana nao. Nilikuwa nimeshika kalamu wakati mvua ilipoanza kugonga mabati, mvua ya kwelikweli, ya Lanet. Cherop alikuwa amevaa koti langu la kazini linalomfika vifundoni. Ilipopungua akatoka na rula, akarudi na karatasi aliyojichorea mistari mwenyewe.

"Tisa," akasema. "Tia sahihi."

"Nani ameagiza?"

"Hakuna."

Kwenye kidaftari niliandika: "Hajafanya." Kwenye karatasi yake nikatia sahihi.