Walinzi wa Pilipili Hoho

Mkaguzi wa wadudu alichagua majani kumi katika kila mstari wa pilipili hoho, akayageuza, akahesabu vidukari kwa kioo cha kukuzia, kisha akahesabu walinzi. Ndivyo wafanyakazi walivyowaita wale wadudu wekundu wenye madoa meusi walioletwa kwa makopo ili wawale vidukari. Bango kwenye mlango wa banda la plastiki lilisema shamba halitumii sumu, na wanunuzi walipenda kupiga picha hapo.

Jumatatu hiyo walinzi wote walikuwa wamekufa, miguu juu. Jumanne walikuwa bado wamekufa, ila wanakula. Ukimpuliza mmoja alianguka kama pumba, kisha akapanda tena jani lake. Fomu ilikuwa na sehemu mbili, walio hai na waliokufa, kwa hiyo mkaguzi alimwuliza meneja awaandike wapi.

"Anayekula yuko hai," meneja alisema bila kuinua macho. "Andika hai."

Jumanne jioni walinzi walikuja nyumbani kwa mkaguzi. Walitua kwenye shati la mumewe, fundi mabomba wa shamba hilohilo, lililokuwa kambani tangu jana. Mkaguzi alikuwa na shaka na shati hilo kwa muda mrefu. Kila Jumatatu mumewe alitoka alfajiri akidai mabomba yanavuja, akarudi kunywa chai, akaoga mara mbili na kulifua shati mwenyewe. Mwanamume asiyejua hata beseni liko wapi! Mkaguzi alishamchora kichwani huyo mwanamke mwingine, mpaka viatu vyake.

Aliwahesabu, maana hakuweza kujizuia. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne, wengi wao kwenye mikono ya shati. Akanusa pale walipokaa. Hayakuwa manukato. Ilikuwa ile sumu ya zamani, ya kabla ya bango, na koo lilimkereketa.

"Kumbe huyo mwanamke wako ni bomba la kupulizia," alimwambia mumewe mezani.

Mume aliweka kijiko chini. "Meneja ndiye aliyenipa funguo za banda, na jana akaongeza kipimo. Wale wadudu peke yao hawamalizi kazi, mke wangu, na wanunuzi hawasubiri."

"Na mimi naingia mle saa moja!"

"Jumatatu? Mara ya mwisho kuingia saa moja Jumatatu ilikuwa lini?"

Mkaguzi alifikiri. Jana ufunguo wa nyumba ulipotea. Wiki iliyotangulia kulikuwa na kifungo cha kushona, na kabla ya hapo ugomvi usio na kichwa wala miguu. Kila mara alifika saa nne, hewa imeshasafika. Alimpenda sana mumewe wakati huo, kisha akaona aibu, kwa sababu wenzake kumi na mmoja waliingia saa moja kamili. Mmoja wao alikuwa Kicheko, mwenye mimba ya miezi sita na kikohozi kisichosikia dawa.

"Nikisema?"

"Tutafukuzwa wote wawili. Halafu kazi atapewa mtu asiye na mke mle ndani."

Jumatano mkaguzi alikwenda hadi mstari wa Kicheko, akafungua mdomo, akamwuliza habari za nyumbani. Ijumaa walikuja wageni wa kutoa cheti cha shamba lisilotumia sumu. Walipiga magoti, wakawatazama wafu wakila, wakasema hawajawahi kuona wadudu wenye bidii kiasi hicho. Walitia saini kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu iliyofuata hakuna ufunguo uliopotea. Mkaguzi alikaa tu jikoni akitazama saa ya ukutani, mumewe akinywa chai mbele yake, mpaka ikawadia saa nne kasorobo.

Alimkuta Kicheko ameshika kiuno, anakohoa. Kando yake walinzi walikuwa wanakula.

"Dada, leo tena umechelewa?" Kicheko aliuliza. "Una nini Jumatatu?"

"Chai ilikuwa ya moto," alisema mkaguzi, akageuza jani la kwanza.