Ng'ombe Sita wa Nchi ya Ukungu

Siku niliyoingia Nchi ya Ukungu sikuwa na upanga. Sikuwa na ngao, wala kofia ya chuma, wala viatu, wala chakula cha njiani. Sikuwa na mnyama wa kupanda. Sikuwa na ukoo. Hata jina sikuwa nalo, na lango la nchi ile halimfungukii mtu asiye na jina.

"Andika lolote, tata," binti yangu Wegesa aliniambia; tata kwa Kikurya ni baba. "Wengine wanajiita Simba, wengine Radi. Hakuna anayeuliza kitambulisho."

Wegesa ni mwanangu wa mwisho. Alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi Musoma, amekuja nyumbani Nyamongo kwa likizo, na tangu mama yake afariki tunaishi wawili tu. Tulikuwa dukani kwa Lukmani, mwenye kompyuta nne na jenereta moja. Mchezo wenyewe ulikuwa mpya. Unachezwa kwa intaneti, watu wa nchi mbalimbali wanakutana mahali pamoja pasipokuwepo duniani, na kila mmoja anamwongoza mtu wake. Vijana wachimbaji walikuwa wameukumbatia. Waliucheza wakisubiri zamu ya kushuka duarani, kwenye yale mashimo marefu wanayochimba kwa mikono pembeni ya mgodi mkubwa.

Mimi sipendi kupitwa na jambo. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na sita, shule ya jioni, kwa taa ya chemli, na tangu hapo sijaacha kujifunza. Kwa hiyo nilivuta kiti, nikaandika jina ambalo mtu wa umri wangu huitwa kila siku na majirani: Baba Wegesa. Lango likafunguka.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Ukungu ulifika magotini, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachohema. Nilikisikia kwa masikio yote mawili kwa sababu Wegesa alikuwa amenivisha hedifoni. Niligeuza mtu wangu kulia, akaanguka mtaroni. Nikamtoa. Ndipo akaja mnyama kama fisi anayetembea kwa miguu miwili, akaniinamia bila haraka, na kioo chote kikawa kijivu.

"Nini hiki?"

"Umekufa, tata. Subiri sekunde kumi."

Nilivua kofia. Nina miaka sabini na moja; neno hilo siambiwi huku mtu anacheka. Nilifufuka palepale, na fisi alikuwa bado amesimama akinisubiri. Siku ile nilikufa mara tatu.

Siku ya pili Wegesa aliniingiza katika ukoo wake. Mle mchezoni watu hujikusanya katika koo ili wapigane pamoja, na ukoo ule ulikuwa na watu kama arobaini, wengi wao wa hapahapa Nyamongo. Kijana mmoja aliniandikia, "Mwana, songa basi, unaziba njia!" Wegesa akamjibu, "Huyo ni baba yangu mzazi, chunga mdomo." Kisha zikaanza kushuka shikamoo, mstari baada ya mstari, watu thelathini na kitu. Niliwajibu mmoja mmoja, marahaba, marahaba, na wakati nikijibu fisi akala watu wawili waliosimama kwa adabu.

Tulipofika kwenye shimo wanaloshukia kutafuta hazina, nilikataa. Lilikuwa jeusi, na kamba inaning'inia katikati, sawasawa na maduara yetu. Nimesaidia kuvuta kamba za namna hiyo, na kutoka chini hakikuja kitu kizima. Nilibaki juu peke yangu katika ukungu, nikisikiliza kile kinachohema, mpaka waliporudi.

Siku ya tatu, Jumatano, Wegesa alikuwa amekwenda Tarime kununua viatu vya chuo. Nilikwenda kwa Lukmani bila yeye.

Mkuu wa ukoo ule mchezoni alikuwa Wangwe. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mtoto wa mzee Joram wa Sirari. Duara lake lilikuwa limetema dhahabu mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa na pikipiki tatu na watu wa kuziendesha. Alikuwa amemletea Wegesa salamu za uchumba mara mbili, na mara mbili Wegesa alizikataa. Siku hiyo alikuja mbele yangu katika ukungu akiswaga ng'ombe sita. Walikuwa wekundu wenye mabaka meupe, nundu zimesimama, pembe pana kama mikono ya mtu anayekukaribisha. Sijui aliyewachora alikaa nchi gani, ila ng'ombe aliwajua.

Wangwe akaandika mbele ya ukoo wote: "Baba Wegesa, hawa ni wako. Pokea."

Vikajitokeza vitufe viwili kwa Kiingereza, cha kupokea na cha kukataa. Nilibonyeza cha kupokea.

Kengele zikalia. Ng'ombe wakaja wakasimama nyuma yangu. Halafu maandishi yakaanza kumiminika: hongera mzee, hongera baba mkwe, vigelegele jamani! Mwisho akaandika Wangwe mwenyewe.

"Mashahidi mpo. Mmeona amepokea."

Nyayo zangu zilipata baridi, na ilikuwa saa saba mchana.

Kwetu Wakurya ng'ombe si zawadi. Akiletwa kwa baba wa binti, jina la binti likatajwa, watu wakiona, na baba akanyoosha mkono, basi neno limekwisha. Binti anaweza kubebwa njiani akitoka kisimani, na atakapopiga kelele hata wajomba zake watasema, sasa tufanyeje, baba yake si alipokea? Nilijua hayo kuliko mtu yeyote aliyekuwa dukani mle. Nilipokea ng'ombe wa Gati, mwanangu wa kwanza, akiwa hajamaliza darasa la saba. Kwa haki mimi ni Baba Gati. Yuko ng'ambo, upande wa Kenya. Nikimpigia simu ananijibu neno moja moja, kama mtu anayelipishwa kwa kila neno.

"Lukmani," nikasema, "warudishe hawa."

Lukmani aliinama juu ya bega langu. "Haiwezekani, mzee Kornelio. Ukishapokea wanafungwa kwako. Hutoi, huuzi."

"Basi wachinjwe."

"Hawafi hao. Ni wa kulipia."

Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. Nilitoka nikawaacha wamesimama nyuma ya mtu wangu, wakicheua.

Wegesa aliporudi sikumwambia. Nilijidanganya kwamba mchezo ni mchezo. Kesho yake, adhuhuri, pikipiki ilisimama mlangoni na vijana wawili juu yake.

"Shikamoo mzee. Tumetumwa na Wangwe. Anasema wale wa jana walikuwa wa kubisha hodi tu. Jumapili wanakuja wenye kwato."

"Mwambieni asilete kitu."

"Ah, mzee! Utakataaje leo ulichopokea jana? Ukoo mzima umeona." Aliyekaa nyuma alikuwa haniangalii mimi. Aliangalia kamba ya nguo, ambako sare ya Wegesa ilikuwa imeanikwa. "Chuo kinafunguliwa Jumatatu, eti?" akauliza kwa upole, na wakaondoka.

Wegesa alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa amesikia yote.

"Tata, umenioza kwenye gemu?"

Hakupiga kelele. Alikwenda akaanua sare ikiwa bado mbichi, akafunga dirisha la chumba chake, akatoka na begi la safari akalificha chini ya kitanda changu.

"Ya kutokea kwenda chuo ni barabara moja tu, ya Tarime," alisema. "Wanaijua, na mimi wananijua."

Siku ile kila pikipiki iliyopita ilipita kifuani mwangu. Nyamongo pikipiki hazina idadi. Ikija ya mbali Wegesa alinyamaza katikati ya neno, mwiko ukabaki juu ya sufuria, mpaka mlio upite mashine za kusaga mawe na upotee. Nilifikiria polisi. Ningeandikisha nini? Kwamba nimepokea ng'ombe wa ndani ya kompyuta na sasa naogopa? Nilifikiria kumwendea Wangwe mwenyewe, lakini mzee hajadiliani ng'ombe na kijana. Akifanya hivyo amekwisha kumwita mkwe. Ng'ombe huzungumzwa na wazee. Na mzee Joram na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, sisi ni rika moja. Mwanarika akikuletea neno huwezi kusema hujalisikia. Kwa simu angeweza kusema mtandao ulikatika. Karatasi haikatiki.

Ijumaa asubuhi nilikaa mezani nikaandika. Nimewaandikia watu barua nyingi maishani, za kazi, za misiba, za kuomba shule, na mwandiko wangu unajulikana. Nilimwandikia Joram kwamba mimi ni mtu wa zamani, mitambo hii ni migeni kwangu, kidole kiliteleza. Nikampa Wegesa asome.

Alisoma mpaka mwisho.

"Siyo kweli, tata. Kupokea na kukataa kwa Kiingereza unavijua. Ulinifundisha mwenyewe kabla sijaanza shule."

"Hii itatosha kumzuia."

"Wangwe atasema mzee alikosea kitufe, basi tumletee wa kweli apokee vizuri. Hapo utakuwa umewafungulia mlango."

Pikipiki ikapita. Tulingoja sote wawili, kalamu mkononi mwangu, mpaka ikaisha. Kisha nikachana karatasi, nikachukua nyingine. Ya pili ilinichukua muda mrefu kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika, ingawa ni fupi:

*Mwanarika wangu Joram. Jumatano nilipokea ng'ombe sita kutoka kwa mwanao Wangwe, mchezoni, kwa jina la binti yangu, mbele ya watu arobaini. Nilijua maana ya kitufe nilichobonyeza. Niliona ng'ombe nikafurahi, mkono ukatangulia. Hivyohivyo nilimtoa Gati akiwa mtoto, na wewe ulikuwepo siku ile, ulikunywa pombe yangu. Nilikosea siku ile na nimekosea tena. Nawakataa ng'ombe hao, wa mchezoni na wa kwato, na nitasema hivyo mbele ya watu walewale arobaini. Wegesa hajakubali na hatakubali. Mzuie mwanao Jumapili. Ukitaka kuja, njoo wewe, mikono mitupu, tule. Binti yangu akiguswa njiani, nitasimama mbele ya rika letu lote niseme kwamba uliisoma barua hii.*

Niliweka saini. Wegesa akanyoosha mkono apewe kalamu. Kwetu mambo ya ng'ombe hayana saini ya binti. Sijawahi kuiona hata katika kumbukumbu za watu waliosoma. Nilimpa. Aliandika chini ya jina langu: *Mimi Wegesa nimekataa,* akaandika tarehe, na herufi zake zilikuwa zimenyooka kuliko zangu.

Lukmani alikuwa anakwenda Sirari baada ya swala kuchukua bidhaa zake mpakani, na alisema atampitia mzee Joram nyumbani kwake, atamkabidhi mkononi, si kwa mtoto wala kwa mke. Alisimama mlangoni kwetu na kanzu yake ya Ijumaa, pikipiki inaunguruma, Wegesa akiichungulia hiyo nayo kutoka nyuma ya pazia. Nilikunja karatasi mara tatu, nikaitia katika bahasha, nikapaka gundi, nikabana kwa kiganja na kuhesabu mpaka thelathini ili ishike. Halafu nikampa Lukmani, akaiweka ndani ya kanzu, upande wa moyo, akaondoka nayo.