Jogoo wa Severina

Miaka ile ya hamsini, askari Muhidini alipopita vijiji vya karibu na Iringa, watoto hawakukimbia. Wanawake wakigombana walimwita yeye aamue. Alivua kofia, akaketi kwa Severina muuza ulanzi, pombe ya mianzi, na kwa kuwa ni Mwislamu, akapewa togwa isiyolewesha.

"Kitendawili!" Severina akamchokoza.

"Tega, Mama Didas."

"Askari wangu wote wamevaa kofia."

"Njiti za kiberiti!"

"Haya, usije ukatuchoma!"

Wakacheka mpaka machozi.

Kisha duka moja la mjini likavunjwa. Didas, mwanawe Severina, alikuwa mpagazi pale, na jina lake likatajwa, ingawa siku ile walishinda na kulala shamba, yeye na mama yake. Kijana akafunga mzigo akimbilie Mbeya, kwa mjomba wake wa Ilomba. Muhidini akaja mbio.

"Akikimbia amejitia hatiani. Mlete mwenyewe bomani, Mama Didas. Mimi nitakuwepo."

"Umesikia?" Severina akamwambia mwanawe. "Huyu ni mtu wetu. Fungua huo mzigo."

Kulipokucha akambeba jogoo mwekundu kwapani, wakaenda bomani yeye na mwanawe. Kwao mtu haendi mbele ya mkubwa mikono mitupu, awe na kosa, asiwe nalo. Jogoo ni heshima tu.

Inspekta, Mzungu mgeni, akamkazia macho yule jogoo. "Asiye na kosa analipa fidia ya nini?"

Severina hata hakushtuka. Akamgeukia Muhidini, aliyeijua desturi ile kama kiganja chake. Muhidini alisimama wima, akatazama ukuta.

"Mwambie basi, baba!"

Muhidini hakubandua macho ukutani.

Mahakamani jogoo akahesabiwa ushahidi, Didas akafungwa miaka miwili. Alipotoka hakupita nyumbani, alinyoosha Mbeya. Akatuma salamu: hana kinyongo na mama, ila kurudi hawezi. Afadhali angemtukana.

Masika yaliyofuata mbuzi wa Paskalina, jirani wa Severina, wakaibwa. Severina alimwona mwizi kwa macho yake. Muhidini akaja, kofia mkononi.

"Kamwene, Mama Didas. Hukuona mtu?"

"Sikuona."

"Hata wewe unanificha?"

"Hasa mimi."

Muhidini akavaa kofia, akashika njia. Nyuma ya nyumba Paskalina alikuwa akilia. Severina akimtajia yeye mwizi, wanaume wa kwake watachukua mapanga. Akimtajia askari, nani ajuaye atafungwa nani? Severina akabaki mlangoni na jina la mwizi mdomoni, hana wa kumpelekea.