Gati Lililotokea Bwawani

Upepo ulivuma usiku kucha, na mvua ikapiga mabati ya Lindi, mtaa wa Kibera, mpaka watu wakashindwa kusikilizana ndani ya nyumba. Asubuhi Nelima alipanda juu ya ghorofa alikopanga chumba, amebeba beseni la nguo. Hakuwa ameanika hata soksi moja alipotupa macho upande wa bwawa, na nguo akazisahau pale pale.

Miaka yote aliyoishi Kibera, Nelima hakuwahi kuona maji ya bwawa lile. Alijua yapo, chini ya magugu maji yaliyolifunika lote likaonekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Lakini sasa upepo ulikuwa umeyasukuma magugu hadi ng'ambo, na upande huu yakabaki maji matupu, rangi ya chai ya strungi, isiyo na maziwa. Na juu ya maji hayo kulikuwa na gati la mbao. Lilitoka kwenye matete likaingia bwawani moja kwa moja, nguzo zake nyeusi, mbao zake zimepindapinda. Watu wazima wa mtaa walikuwa wakisema kwamba zamani mashua za matanga zilifungwa pale. Nelima alidhani wanajifurahisha tu.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha. Katikati ya wiki alipiga viatu na majaketi ya wafanyabiashara wa Soko la Toi wanaouza mtandaoni, na wikendi alipiga harusi. Siku hiyo ilikuwa harusi ya Bridgit, rafiki yake waliyekua pamoja Lindi kabla familia ya kina Bridgit haijahamia Kawangware. Ibada ilikuwa ianze karibu na saa sita, na jua ndio kwanza lilikuwa linachomoza. Nelima alimpigia simu Billy Oloo, fundi wa mbao wa mtaa wa Raila, ambaye humshikia taa kwenye harusi.

"Niaje, Billy. Chukua nyundo na gumboots, ukam kwa dam. Kuna gati."

"Gati gani?"

"Ukiiona utajua. Harakisha, upepo ikigeuka imeenda."

Walikutana kando ya vishamba vya nduma, wakaingia kwenye matete. Tope liliwafika magotini na harufu ya maji taka iliwapanda puani, lakini Nelima alikuwa akitembea mbele, kamera imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, karibu anakimbia. Kiatu kimoja kilinaswa. Alikiacha huko huko.

Billy aliligonga gati kwa nyundo, akasikiliza, akagonga tena.

"Boriti za chini ziko fiti," alisema. "Hizi za juu ndio zimeoza. Kanyaga penye msumari, hapo kuna boriti chini yake."

Nelima akakanyaga penye msumari. Mbao zililia, zikamshika. Alipofika katikati akalala kifudifudi na kuanza kupiga. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji na kila nguzo ilikuwa na mwenzake majini, kichwa chini. Kwarara mmoja alitua kwenye nguzo ya mwisho, akakunjua mbawa, na jua likampata hapo hapo. Kwenye boriti moja Nelima aliona pete ya chuma iliyoliwa na kutu, ya kufungia kamba. Kumbe mashua zilikuwepo kweli. Alijikuta anacheka peke yake, ikabidi azuie pumzi ili picha isicheze.

Simu ikalia. Ilikuwa Bridgit, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi.

"Nelima, garden imejaa maji. Mwenyewe amepiga simu sasa hivi, anasema hema imeanguka na huko ni matope tu. Tutapigia picha wapi?"

Nelima alitazama maji, nguzo, na yule kwarara aliyekuwa bado hana haraka.

"Nakuja," alisema. "Usilie, utaharibu makeup."

Alifika Kawangware na tope lililokauka miguuni. Bridgit alikuwa amekaa anasukwa, na mama yake, Mama Bridgit, alimwangalia Nelima kuanzia chini kwenda juu.

"Hivyo ndivyo unakuja harusi?"

"Nitaoga, mathe. Kwanza muone kitu." Nelima akampa Bridgit kamera.

Bridgit aliangalia picha moja baada ya nyingine. Msusi naye akaacha nywele, akainama kutazama.

"Hii ni wapi?" Bridgit aliuliza.

"Lindi. Hapo nyuma ya kwetu."

"Ile dam ya uchafu?" Mama Bridgit alidakia. "Mtoto wangu hawezi kuolewa kwa maji taka."

"Naolewa kanisani, mama. Huko ni picha tu." Bridgit alikuwa tayari amempigia Wanzala, bwana harusi. Wanzala aliuliza swali moja: gati itabeba watu? Alipoambiwa Billy yuko huko anaikagua, akasema basi twende.

Walipotoka kanisani, msafara wa magari ya kuazima uliteremka hadi Lindi. Habari ilikuwa imewatangulia. Majirani walikuwa wametandika magunia juu ya tope kutoka barabarani hadi bwawani, na wanawake walipiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ni wa nyumba zao wote. Billy alikuwa ameleta mbao mpya kutoka karakana yake na kuzipigilia mahali palipooza. Alisimama mwanzo wa gati, mikono ameitanua.

"Watu wawili na mpiga picha. Wengine wote kwa nyasi."

Bridgit alipita na gumboots za Billy chini ya gauni jeupe. Nelima aliinua kamera, na kwenye kioo chake akaona jambo alilokuwa akiliogopa. Mstari wa kijani wa ng'ambo ulikuwa umesogea. Upepo ulikuwa umegeuka, na magugu yalikuwa yanarudi, yamebeba maua yake ya zambarau.

"Songeni mpaka mwisho," alisema. "Bridgit, toa gumboots. Wanzala, mshike mkono. Tuna dakika chache."

Alipiga amesimama, akapiga amechuchumaa, akapiga amelala. Wanzala alirudi nyuma hatua moja kumpa bibi harusi nafasi, na ubao ukakatika chini yake. Mguu ukazama hadi gotini. Watu wa nyasini walishika vichwa. Bridgit alimdaka kola ya koti akamvuta kwa nguvu zake zote, na alipomtoa, kiatu hakipo na soksi inadondosha maji meusi, wote wawili walicheka mpaka wakaegemeana. Kidole cha Nelima hakikuacha kubonyeza.

Hapo ndipo Mama Bridgit alipovua viatu.

"Nipisheni."

"Mathe, ni watu wawili tu," Billy alimkumbusha.

"Basi hao wawili watoke."

Wakatoka. Alitembea polepole, viatu mkononi, akikanyaga penye misumari bila kuambiwa na mtu. Mwisho wa gati alisimama akitazama maji.

"Kwetu Budalang'i tulikuwa tunashukia mashua mahali kama hapa," alimwambia Nelima. "Tangu nije Nairobi sijasimama juu ya maji. Na nimelea watoto hapo juu tu."

Magugu yaligusa nguzo ya kwanza, kisha ya pili, maua yakazunguka miguu ya gati. Nelima alimpiga picha akiwa ametazama bwawa, na nyingine amegeuka.

"Piga ingine," alisema Mama Bridgit.

Jioni bwawa lilikuwa kijani tupu tena. Maharusi walichagua picha ile ya kucheka, soksi nyeusi na yote, wakaitundika sebuleni Kawangware. Mama Bridgit alichagua ile aliyopigwa peke yake. Wageni wakimuuliza hapo ni ziwa gani, huwaambia ni Lindi, na anayebisha huketishwa akaelezwa upya tangu mwanzo, hata chai ikipoa.