Punda Aliyeliwa na Fisi

Nailantei alikuwa njiani kurudi Endulen, akitoka Ganako kumwona binti yake aliyejifungua. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada Karatu, akashuka anunue maharage kabla ya kutafuta gari la kupanda juu. Mnada ulikuwa umefurika. Vitunguu vya Mang'ola vilirundikwa kama vichuguu, wauza mitumba wakiimba bei, na moshi wa nyama choma ukiwafukuza watalii na kamera zao.

Alikuwa akichambua maharage kiganjani alipomwona punda wake.

Alifungwa kwenye mkokoteni wa mahindi. Sikio la kushoto lilikuwa na mkato wa boma lao, na begani lile kovu la moto ambalo Nailantei mwenyewe alilipaka mafuta ya kondoo mpaka likapona. Akapiga mluzi mfupi. Punda akageuza kichwa.

"Huyu umemtoa wapi, baba?" akamuuliza mwenye mkokoteni, mkulima wa Kansay aitwaye Remigius.

"Nilimnunua hapa hapa, mama. Yapata miezi minne sasa."

"Umemwiba."

Watu wakaanza kusogea. Remigius hakupandisha sauti. Alitoa karatasi ya mauziano kwenye mfuko wa koti, akasoma jina la muuzaji: Ngoitiko.

Nailantei akamwomba alisome tena. Ngoitiko alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ndiye aliyekuja asubuhi punda alipopotea, na kipande cha kamba chenye damu, akisema fisi wamemmaliza punda korongoni. Tangu siku hiyo Nailantei amebeba maji mgongoni, kamba ya dumu ikimkata paji la uso, na Ngoitiko akinywa chai ya maji hayo hayo bila kupaliwa.

"Mpigie," alimwambia Remigius. "Mwambie unataka mwingine."

Remigius akapiga namba iliyokuwa kwenye karatasi, akaweka spika.

"Mzee wa Kansay," Ngoitiko aliitikia kwa uchangamfu. "Punda anaendeleaje?"

"Anafanya kazi. Nataka mwenzake."

"Yupo jike, ana mimba. Shemeji yangu amesafiri, nitakuletea kabla hajarudi."

Nailantei akaichukua simu. "Shemeji, niko mnadani. Nimemshika yule aliyeliwa na fisi."

Simu ikakatika. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Maharage aliyaacha. Remigius alimkabidhi punda kwa jirani yake, akapanda gari moja na mama huyo, karatasi mfukoni.

Kesho yake wazee wa boma walikaa. Ngoitiko akakiri. Wakaamua punda arudi kwa mwenyewe, na Ngoitiko ampe Remigius mtamba wa ng'ombe kufidia pesa zake. Ndipo mzee Tobiko, baba mkwe wa Nailantei, akamgeukia.

"Sasa msamehe, mwanangu. Ni mtoto wa nyumbani."

"Baba, mtu wa mbali angeniibia, ningesema hakunijua. Huyu alinipita njiani kila siku nimeinama na dumu, akanisalimia."

"Kwa hiyo?"

"Punda nitampokea. Hilo lingine msiniombe leo."

Akajifunga shuka yake, akaondoka. Wazee walimwita mara mbili, naye hakugeuka.