Kitabu cha Stella

Kila mwaka, siku moja baada ya Krismasi, watoto wa marehemu mwalimu Melkior walikutana Mkuu, wilayani Rombo, nyumbani kwa mama yao, Flavia, kupanga vitabu watakavyosoma mwaka unaofuata. Baba ndiye aliyeanzisha jambo hilo. Kila mtu alileta kitabu chake, akakitetea mbele ya wenzake, kisha akapewa mwezi. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo walikutana, wakakisoma kwa sauti na kukibishania hadi giza lilipoingia. Mwalimu alipofariki, binti yake Scola, naye mwalimu huko Moshi mjini, alichukua usukani.

Mwaka ule wa tisini na sita, Onesphory, kaka mkubwa, alifika amechelewa. Bei ya kahawa ilipoporomoka yeye aliacha shamba, akafungua duka la vipuri Moshi, na sasa alipanda mlimani kwa pikapu yake mwenyewe. Aliingia sebuleni, akamwamkia mama, kisha akasimama.

"Huyu naye anafanya nini hapa?"

Alikuwa anamnyooshea kidole Stella, mjane wa mdogo wao Rogath. Stella alikaa pembeni, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, kitabu mapajani.

"Nimemwalika mimi," Scola alisema. "Miaka yote Rogath alikuwa na mwezi wake. Sasa ni wa Stella."

"Hapa tunasoma watoto wa Melkior."

"Shikamoo, shemeji," Stella alisema.

Onesphory hakuitikia. Alivuta kiti, akakaa akimpa mgongo.

Wote walijua kilichokuwa kinamsumbua. Tangu Rogath azikwe, Onesphory alikuwa akisema kihamba cha marehemu, yaani lile shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba yake, kirudi kwenye ukoo, kwa sababu Stella alizaa mabinti watupu. Alikuwa ameshaongea na wazee wa ukoo. Stella alikuwa hajaambiwa neno, ila mlimani habari haifichiki.

Walianza. Wilbert, kitinda mimba aliyekuwa chuo kikuu, alitetea kitabu cha siasa, akapewa Machi. Onesphory alikuwa na kitabu cha kufundisha biashara.

"Bro, hicho si kitabu, hicho ni tangazo," Wilbert alicheka.

"Cheka. Ada yako inatoka kwenye tangazo hilo."

Wilbert akakifunika kitabu chake. Mama aliinua macho kutoka kwenye bakuli lake la mtori, akayashusha tena.

Zamu ya Stella ilipofika, alisimama. Alikuwa na riwaya kuukuu, jalada lake limeshonwa kwa uzi. "Rogath alinisomea hiki mwaka tuliooana," alisema. "Ni habari ya mwanamke anayefiwa na mume. Shemeji yake anataka kumtoa kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Naomba tukisome Januari."

Onesphory aligeuka taratibu. "Unanisema mimi?"

"Shemeji, kitabu hiki kilipigwa chapa wewe hujaota ndevu."

Wilbert alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Onesphory aliruka, akamnyang'anya Stella kitabu, akatoka nje. Scola alimfuata mbio uani, akamshika shati.

"Kaka, kirudishe! Kaka!"

Onesphory alimsukuma, akainama kuingia jikoni ambako sufuria ya nyama ya mbuzi ilikuwa bado motoni, akakichomeka kitabu kati ya kuni. Karatasi zile kavu zilishika mara moja. Scola alijaribu kukivuta kwa mwiko, akaungua vidole.

Mama Flavia alikuwa amewafuata. Alisimama mlangoni mwa jiko, akaongea Kichagga, lugha aliyoitumia alipokuwa hana masihara.

"Baba yako alikula ugali mkavu ili anunue vitabu. Wewe unavipikia nyama?"

"Mama, huyu mwanamke ametugawa."

"Nyama hiyo sili. Na Januari tutasoma kitabu hicho hicho, kwa Stella. Njoo au usije."

"Nikija sitakuja kusoma," Onesphory alisema. Akawasha gari, akaondoka bila kumuaga hata mama yake.

Scola alikitafuta kitabu kile Moshi mjini, kwa wauza vitabu vya mitumba karibu na soko, hadi akakipata kwa mzee mmoja aliyekitumia kutegemeza mguu wa meza. Jumapili ya mwisho ya Januari alipanda nacho Mkuu, vidole vyake vikiwa na makovu mapya.

Walikaa barazani kwa Stella. Majirani kadhaa walikuja pia, maana habari za jikoni zilikuwa zimeenea. Scola alikuwa akisoma, amefika pale shemeji anapobisha hodi kwa mjane, pikapu iliposimama njiani. Onesphory alishuka na wazee watatu wa ukoo. Mkononi alishika kamba ya kupimia.

"Endeleeni," alisema. "Sisi tuna kazi yetu."

Scola aliacha kusoma. Stella alishika ukingo wa benchi, lakini hakuinuka. Mama Flavia ndiye aliyeongea.

"Mzee Yohana, karibuni. Mjukuu wangu, waletee wazee viti. Tukimaliza sura hii mtapima, na mimi nitawashikia kamba, mnipime na mimi nikiwa ndani."

Mzee Yohana, aliyekuwa mkubwa wa wale watatu, alimtazama mama, akatazama baraza iliyojaa watu, kisha akakaa. Wenzake nao wakakaa.

"Mzee, hatukuja kusikiliza hadithi!" Onesphory alifoka.

"Hukutuambia mama yako anapinga," Mzee Yohana alimjibu. "Ulisema familia imekubaliana."

"Mimi ndiye familia!"

Scola aliendelea kusoma. Onesphory alibaki amesimama kati ya migomba na kamba yake, mpaka akaitupa chini na kurudi kwenye gari. Wazee walishuka kwa miguu jioni, na hawakupima.

Stella alibaki kwenye kihamba chake. Lakini amani haikuja. Wilbert alikatiwa ada, ikabidi Scola achukue mkopo. Wakati wa Pasaka Onesphory hakupanda mlimani. Scola alimfuata dukani, akasimama mbele ya kaunta.

"Kaka, mama anaumwa miguu. Anakuulizia."

Onesphory alimhudumia mteja aliyekuwa nyuma ya Scola kwanza. Kisha akasema, "Mwambie asome kitabu."

Scola alitoka, akapanda gari la Rombo, akafika nyumbani. Mama alipomuuliza kaka yake amesema nini, alimweleza neno kwa neno. Mama akajifunika khanga mabegani, akamwambia amwite Stella waanze kusoma kitabu cha mwezi.